Sura ya Sita: Atakayemsemea Mgonjwa

Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu, swali la lini tiba ikome halikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu tiba yenyewe haikuwa na uwezo wa kumrudisha mtu aliyekwisha kufika ukingoni. Hali hiyo ilibadilika katika muda usiozidi miaka 30. Mashine ya kupumulia ilienea mahospitalini katika miaka ya 1950. Mwaka 1960 watafiti wa Johns Hopkins, huko Baltimore, walieleza namna ya kukandamiza kifua ili kuendeleza mzunguko wa damu ya mtu ambaye moyo wake umesimama. Na ilipofika mwisho wa miaka ya 1970 ikawezekana kumwekea mgonjwa mrija wa chakula unaoingia moja kwa moja tumboni bila upasuaji mkubwa. Vifaa na mbinu hizo vimeokoa maisha ya watu wengi mno, lakini vilizaa pia hali ambayo haikuwapo kabla yake, ya mwili kuendelea kuishi kwa miezi au miaka huku mwenyewe hajitambui wala hawezi kusema analotaka, ikabidi mwingine aseme kwa niaba yake. Ni nani huyo mwingine, mamlaka yake yanatoka wapi, na atajuaje la kusema, ndiyo maswali ya sura hii.

Jibu lililobuniwa linaitwa maelekezo ya mapema ya matibabu, yaani kauli anayoitoa mtu mzima mwenye akili timamu akiwa bado anaweza kujisemea, ili itumike siku atakapokuwa hawezi. Maelekezo hayo ni ya aina mbili, ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni wasia wa matibabu, ambao ni maandishi yanayotaja matibabu anayoyataka au anayoyakataa mwenyewe endapo atafikia hali fulani. Ya pili ni uteuzi wa wakala wa matibabu, yaani mtu mmoja anayetajwa kwa jina na kupewa mamlaka ya kuzungumza na madaktari na kutoa au kunyima ridhaa pale mgonjwa anaposhindwa. Wakala huyo hana la kuamua maadamu mgonjwa anaweza kujieleza, na uteuzi huo haumpi haki yoyote juu ya mali. Wasomaji wengi wakisikia habari za maelekezo ya mapema hufikiria aina ya kwanza, karatasi yenye orodha ya mashine. Ushahidi wa nusu karne, hata hivyo, unaelekea kwenye aina ya pili, na ni muhimu kuufuatilia tangu ulikoanzia.

Wazo la wasia wa matibabu lilitolewa mwaka 1969 na Luis Kutner, wakili wa Chicago, katika jarida la sheria la Indiana. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa sheria inamruhusu mgonjwa mwenye fahamu kukataa upasuaji, hata kama kukataa huko kutamgharimu uhai, basi kupoteza fahamu kusimnyang'anye haki aliyokuwa nayo jana yake. Pendekezo hilo lingebaki kwenye rafu za maktaba laiti si mkasa wa Karen Ann Quinlan, msichana wa miaka 21 wa New Jersey, ambaye mwezi Aprili 1975 alizimia baada ya kunywa pombe pamoja na dawa za kutuliza, akaacha kupumua kwa muda uliotosha kuuharibu ubongo wake kiasi cha kutorudiwa na fahamu tena. Wazazi wake, Wakatoliki wacha Mungu walioshauriana na padri wao kabla ya kuchukua hatua, waliomba mashine ya kupumulia iondolewe. Madaktari wakakataa, na jaji wa kwanza akawaunga mkono madaktari. Tarehe 31 Machi 1976 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua kwa kauli moja kwamba mgonjwa huyo alikuwa na haki ya kukataa mashine, na kwamba baba yake, akiwa mlezi wake kisheria, angeweza kuitumia haki hiyo kwa niaba yake.

Katika hukumu hiyo kuna jambo ambalo mara nyingi hupitwa. Mahakama iliambiwa kwamba Karen aliwahi kuwaambia marafiki zake kuwa asingependa kuishi kwa mashine, lakini haikuyapa maneno hayo uzito, kwa vile yalikuwa ya mazungumzo ya kawaida kuhusu masaibu ya watu wengine. Iliyemtegemea ni mtu, yaani baba aliyemjua binti yake. Mashine ilipoondolewa mwezi Mei mwaka huo, Karen alipumua mwenyewe, na kwa kuwa wazazi wake hawakuwa wameomba mrija wa chakula uondolewe, aliendelea kuishi hivyo hadi alipofariki kwa nimonia mwezi Juni 1985.

California haikungoja. Mwezi Septemba 1976 gavana wake, Jerry Brown, alitia saini sheria ya kwanza nchini Marekani iliyoutambua wasia wa matibabu, ingawa sheria hiyo ilikuwa na masharti yaliyoubana sana: wasia ulimfunga daktari pale tu ulipokuwa umetiwa saini siku 14 au zaidi baada ya mgonjwa kuambiwa kuwa ana ugonjwa usiopona, na ulikwisha nguvu baada ya miaka 5. Msichana kama Karen, aliyekuwa mzima asubuhi na hajitambui usiku, asingefaidika nayo hata kidogo. Labda ndiyo maana mwaka 1983 jimbo hilohilo lilipitisha sheria nyingine, ya kuteua wakala.

Mkasa unaofundisha zaidi kuliko yote ni wa Nancy Cruzan wa Missouri. Usiku wa tarehe 11 Januari 1983, akiwa na umri wa miaka 25, gari lake liliacha njia na kupinduka, naye akakutwa kifudifudi mtaroni, hapumui. Wahudumu walifanikiwa kuuamsha moyo, ila ubongo ulikuwa umekosa oksijeni kwa muda mrefu. Hakuhitaji mashine ya kupumulia. Alichohitaji ni mrija wa chakula, na miaka ilipopita bila dalili yoyote ya fahamu, wazazi wake wakaomba mrija huo uondolewe. Ushahidi waliokuwa nao ulikuwa mazungumzo aliyoyafanya Nancy na rafiki aliyeishi naye nyumba moja, alipomwambia kwamba asingetaka kuishi endapo angeumia au kuugua kiasi cha kutoweza kuishi maisha yaliyo angalau nusu ya kawaida. Serikali ya Missouri ilipinga, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 25 Juni 1990, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilitoa uamuzi wenye sura mbili. Upande mmoja ulikubali kwamba mtu mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu, ikiwamo chakula na maji yanayopitishwa mrijani. Upande mwingine uliliruhusu jimbo kudai uthibitisho wa wazi na wa kusadikisha kuhusu matakwa ya mgonjwa mwenyewe, na ushahidi wa familia ukaonekana haukufikia kiwango hicho. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyekuwa miongoni mwa wale watano, aliandika maoni yake ya ziada akieleza kwamba ni watu wachache wanaoacha maelekezo ya maandishi, na kwamba huenda Katiba ikayataka majimbo yauheshimu uamuzi wa wakala aliyeteuliwa na mgonjwa.

Kilichoimaliza kesi ni jambo dogo la jina. Nancy aliwahi kuolewa, na watu waliofanya kazi naye zamani walimjua kwa jina la mumewe, Nancy Davis, hivyo habari za Cruzan zilipoenea nchi nzima hawakutambua mara moja kwamba anayezungumzwa ni mwenzao wa zamani. Walipotambua walijitokeza, wakaeleza mahakamani mazungumzo mengine aliyoyafanya nao, na tarehe 14 Desemba 1990 jaji wa wilaya akaridhika. Mrija uliondolewa, naye akafariki tarehe 26 Desemba. Jiwe la kaburi lake lina tarehe tatu badala ya mbili: ya kuzaliwa, ya kuondoka, ambayo ni siku ya ajali, na ya kupumzika kwa amani. Miaka takriban 8 ilipita kati ya hizo mbili za mwisho, na katika ile ya mwishomwisho familia iliyompenda ilikuwa ikitafuta mtu wa kukumbuka alichowahi kusema.

Bunge la Marekani lilipitisha mwaka huohuo wa 1990 sheria iliyoanza kutumika mwezi Desemba 1991, inayozitaka hospitali, nyumba za kutunzia wazee na watoa huduma wengine wanaolipwa na mifuko ya afya ya serikali kuu kumweleza kila mgonjwa kwa maandishi, anapolazwa, haki yake ya kuacha maelekezo ya mapema. Ndiyo asili ya swali ambalo Mkenya au Mtanzania anayeishi Minnesota au Texas huulizwa kwenye dawati la mapokezi hata akiwa amekwenda kutolewa uvimbe mdogo, na ambalo wengi hulishtukia wakidhani wamefichwa habari mbaya. Sheria hiyo haikuzuia mkasa wa Terri Schiavo wa Florida, aliyeanguka mwezi Februari 1990 akiwa na miaka 26. Mume wake alisema Terri asingetaka kuishi kwa mrija. Wazazi wake walisema angetaka. Mrija uliondolewa na kurudishwa mara mbili, gavana, wabunge na rais wakaingilia, hadi ulipoondolewa mara ya tatu na Terri kufariki tarehe 31 Machi 2005. Hakuwa ameandika kitu, wala hakuwa amemteua mtu. Wanawake hao watatu, ambao mikasa yao iliunda sheria za Marekani katika jambo hili, walikuwa na miaka 21, 25 na 26. Maelekezo ya mapema yanayodhaniwa kuwa shughuli ya wazee yalihitajiwa kwanza na vijana.

Ingetarajiwa basi kwamba dawa ni kila mtu kujaza karatasi. Mambo hayakwenda hivyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1995, uliowafuatilia wagonjwa mahututi 9,105 katika hospitali 5 za Marekani, ulionyesha kwamba ni asilimia 47 tu ya madaktari waliojua kwamba mgonjwa wao asingependa kukandamizwa kifua moyo ukisimama, na kwamba karibu nusu ya maagizo ya kutofanya hivyo yaliandikwa katika siku 2 za mwisho za uhai. Watafiti waliweka hata wauguzi waliofunzwa kuwapelekea madaktari taarifa za matakwa ya wagonjwa, na matokeo hayakubadilika. Taarifa zilikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kuzisimamia kitandani.

Udhaifu mwingine uko katika maandishi yenyewe. Chukua mfano wa mzee mwenye ugonjwa wa figo aliyeandika kwamba hataki mashine ya kupumulia iwapo hana matumaini ya kupona. Anapatwa na nimonia, na daktari anaona kwamba akiwekwa kwenye mashine kwa siku 3 au 4, huku dawa za vijidudu zikifanya kazi, huenda akatoka na kurudi nyumbani, ingawa figo hazitapona kamwe. Je, huyo ana matumaini ya kupona au hana? Karatasi haijibu, kwa sababu aliyeiandika alikuwa akifikiria kifo cha polepole cha mtu asiyejitambua, na hakuna mwandishi awezaye kuorodhesha kila ugonjwa, kila kiwango cha ugonjwa na kila tiba. Wakosoaji wawili wa Marekani, Angela Fagerlin na Carl Schneider, walihitimisha mwaka 2004 kwamba wasia wa matibabu umeshindwa na unafaa kuachwa. Hukumu yao ni kali kupita kiasi. Utafiti wa mwaka 2010 kuhusu wazee 3,746 waliofariki ulionyesha kwamba asilimia 42.5 walihitaji uamuzi wa matibabu karibu na mwisho wao, na kati ya hao asilimia 70.3 hawakuwa na uwezo wa kuamua wenyewe. Wengi wa wale walioandika kwamba wanataka matibabu yenye mipaka walipata walichokiomba. Maandishi yanasaidia, ila yanasaidia zaidi yakiwa mikononi mwa msemaji.

Msemaji naye si mjuzi wa siri za moyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006, uliounganisha tafiti 16 zilizowauliza wagonjwa na jamaa zao maswali yaleyale, uliona kwamba jamaa walibahatisha kwa usahihi asilimia 68, maana yake katika kila maamuzi 3 walikosea 1. Idadi hiyo inatisha kwa mtu anayedhani kwamba miaka 40 ya ndoa inatosha. Lakini ipo habari nyingine ya kuiweka kando yake: mwaka 1992 wagonjwa 150 waliokuwa wakisafishwa damu kwa sababu ya figo waliulizwa ni uhuru kiasi gani wangempa daktari na jamaa kuyakiuka maelekezo yao endapo wangeona hivyo ndivyo bora. Asilimia 39 walisema uhuru usiwepo kabisa, na asilimia 31 walisema uwepo wote. Kwa hiyo miongoni mwa watu wenye ugonjwa mmoja na tiba moja, wapo wanaotaka maneno yao yafuatwe neno kwa neno na wapo wanaotaka mpendwa wao aamue kadiri atakavyoona siku hiyo, na haiwezekani kuwatambua kwa kuwatazama. Swali la kwanza ambalo wakala anapaswa kumuuliza anayemteua, kabla hata ya kugusia mashine, ni hilo: nikiona tofauti na ulivyosema, nifuate lipi?

Mazungumzo yenye manufaa huanzia kwenye maisha anayoyathamini mtu, kisha ndiyo yateremke kwenye vifaa. Mmoja atasema kwamba maadamu anawatambua wajukuu wake atavumilia mengine yote. Mwingine atasema akishindwa kujisafisha na kuswali mwenyewe apunguziwe matibabu yanayorefusha tu. Wa tatu atataka kila kitu kijaribiwe, na hilo nalo ni agizo halali la kuheshimiwa, kwa kuwa maelekezo ya mapema hayakubuniwa kwa ajili ya kukataa peke yake. Wala kukataa mashine si kukataa kuhudumiwa. Tiba shufaa, ambayo ni huduma ya kuondoa maumivu na dhiki kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ina mizizi imara Afrika Mashariki: Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa nchini Uganda, ambako mofini ya maji ya kunywa imewafikia wagonjwa hata majumbani.

Kenya ina msingi wa kisheria ambao wananchi wake wengi hawaujui. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 9, inasema kwamba mgonjwa asiyeweza kutoa ridhaa anaweza kutolewa ridhaa na mtu aliyepewa mamlaka hayo na mgonjwa mwenyewe kwa maandishi, na pasipokuwapo mtu wa namna hiyo wala aliyeidhinishwa na sheria au mahakama, ndipo jamaa wa karibu hugeukiwa. Mpangilio huo unastahili kusomwa mara mbili, kwa sababu unamtanguliza aliyeteuliwa mbele ya jamaa. Bila uteuzi, neno jamaa katika familia ya watoto 7, wake wawili na ami watatu halimtaji mtu yeyote hasa, na kwa desturi anayesikilizwa huwa ni anayelipa bili. Madaktari wa Kanada walielezea mwaka 1991 hali inayofanana, ya binti anayefika kwa ndege kutoka California baada ya miaka mingi na kudai kila tiba ifanywe, huku waliomuuguza mama siku zote wakiwa wamekwisha kukubaliana vingine. Huku kwetu binti huyo yuko Dubai au Toronto, anapiga simu ya video usiku, na michango ya ukoo kwa ajili ya chumba cha wagonjwa mahututi inapitia kwake. Uchungu wake ni wa kweli na fedha zake zinahitajika, lakini anayeujua moyo wa mama ni yule aliyekuwa akimpikia uji.

Kwamba maneno matupu hayatoshi, Wakenya walikwisha kuonyeshwa katika jambo la karibu na hili. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986, na mjane wake akasema mahakamani kwamba mumewe alitaka kuzikwa nje kidogo ya Nairobi. Ukoo wake ukasema vingine, ukashinda, na maiti ikazikwa Siaya tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kifo. Mtaalamu wa sheria aliyezoea kuandikia wateja wake hati hakuwa ameacha hati.

Kikwazo kikubwa kuliko sheria ni hofu ya uchuro, kwamba kukitaja kifo ni kukiita. Mtoto anayeanzisha mazungumzo haya na baba yake hujiweka pabaya mara mbili, kwa kuonekana mchuro na kwa kudhaniwa anaungoja urithi. Kwa hiyo inafaa aanze mkubwa mwenyewe, naye ana kielelezo tayari, kwani Waislamu wa pwani na Wakristo wa bara wamezoea kuusia kuhusu madeni, mali na watoto bila kuona kwamba wamejichuria. Mama akimwambia binti yake, mbele ya wengine, "Mwanangu, siku nikizidiwa nisiweze kusema, wewe ndiye utakayenisemea, na kaka zako wakusikilize," amekwisha kufanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuyatia maneno hayo kwenye karatasi yenye jina kamili la wakala na namba yake ya simu, jina la wakala wa pili endapo wa kwanza hapatikani, tarehe, saini na mashahidi wawili wasio warithi, pamoja na sentensi moja inayosema kama wakala ana uhuru wa kuamua au afuate yaliyoandikwa tu. Mwenyewe anaweza kuibadili au kuifuta wakati wowote, na ni vyema aipitie upya kila apatapo ugonjwa mpya au msiba katika nyumba.

Hati ya asili hukaa kwa wakala, na nakala moja huwekwa katika faili la hospitali anakotibiwa mwenyewe. Nakala nyingine apewe yule ndugu ambaye hakuteuliwa na ambaye huenda akanung'unika, kwa kuwa huyo ndiye atakayeipinga, na ni afadhali aisome sebuleni, mwenyewe akiwapo wa kumjibu, kuliko kuiona mara ya kwanza mbele ya mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi.